Majigambo Chini ya Ukuta wa Ngome

Mchezo wenyewe ulihitaji meza, karatasi, penseli na dadu zenye pande nyingi kuliko zile za ludo. Mmoja wetu, tuliyemwita msimulizi, aliwaeleza wenzake mahali walipo na hatari iliyo mbele. Kila mchezaji alikuwa na mtu wake wa kubuni, akasema mtu huyo anafanya nini, na dadu zikaamua kama amefaulu. Mchezo uliletwa Migori na mwalimu wa kujitolea kutoka ng'ambo. Alipoondoka alituachia vitabu na dadu, nasi tukaendelea kucheza Jumapili mchana katika darasa moja huko Suna. Jumamosi haikuwezekana, kwa kuwa nusu yetu walikuwa Waadventista wa Sabato.

Aliyetushinda wote ni binamu yangu. Alimaliza kidato cha nne bila alama za kumpeleka popote, na katikati ya miaka ya tisini alikuwa akipima mafuta ya taa katika duka la mjomba wetu, na mjomba alimwita "wewe" tu. Mezani aliitwa kamanda. Mtu wake alianza kama mchungaji wa mbuzi mwenye jicho moja, mali yake fimbo tu. Mchezo ulikuwa na chama, na chama kilikuwa na mikutano, Kisumu, Nakuru, Nairobi. Ulichokipata katika mkutano mmoja ulikwenda nacho katika mwingine. Mchungaji akapata farasi, kisha upanga, kisha jeshi. Lakini mtu wako akifa, amekufa. Karatasi yake ilichanwa mbele ya meza nzima, nawe ukaanza upya na fukara mwingine.

Mwaka ambao Homa Bay ilipewa mkutano kwa mara ya kwanza, chama kilitangaza kwamba mchezaji mmoja kutoka upande wetu atachukuliwa Nairobi, afundishwe usimulizi na aajiriwe kuendesha meza. Sharti lilikuwa mtu wake awe na cheo cha kamanda na amalize mkutano akiwa hai. Makamanda walikuwa wawili tu, wa binamu yangu na wa kijana mmoja wa Kisii. Binamu alimwambia mjomba atafute mpimaji mwingine.

Sasa nieleze desturi yetu. Katika ngoma za Waluo mtu humsimamisha mpiga nyatiti, ala yetu ya nyuzi, akajisifu, kisha muziki ukaendelea. Kujigamba huko ndiko kunakoitwa pakruok. Sisi Suna tuliiingiza mezani bila hata kukubaliana. Kabla ya kurusha dadu katika jambo zito, mchezaji aliinua mkono, akajisifu, na hadithi ikamsubiri. Hakuna adui aliyesikia kitu. Hatukuwahi kufikiri kwamba kitabu kingesema vingine.

Msimulizi wa meza yetu Homa Bay alitoka Nairobi, kijana mpole, mwenye saa mbele yake.

"Ni usiku. Mko chini ya ukuta wa ngome, walinzi wako juu yenu. Kamanda, unafanya nini?"

Binamu akainua mkono. "Simamisha nyatiti! Mimi ndiye jicho moja linaloona kuliko yenu mawili! Mimi ndiye mkwe ambaye hata mbwa wa ukweni humwamkia! Nikikohoa Suna, Rodi Kopany wanafunga maduka!"

"Rudia, ndugu! Rudia, omera!" tukapiga meza.

"Umemaliza?" msimulizi akauliza.

"Nimemaliza. Sasa napanda ukuta, polepole."

"Hupandi. Umepiga kelele chini ya walinzi. Wamekusikia."

Binamu alicheka, akidhani anataniwa. "Hiyo si sauti ya kamanda, bwana. Ni mimi. Ni pakruok."

"Sheria inasema unachosema mezani, mtu wako amekisema."

Akarusha dadu kwa ajili ya walinzi. Mishale ikampata kamanda, na kamanda akafa.

Tulikata rufaa. Mwamuzi mkuu alikuwa mwalimu wa hapo hapo Homa Bay, mtu wa ziwani, Mjaluo kama sisi. Jana yake, wakati wa chakula cha mchana, alizima redio ya hoteli ili ajisifu kwamba yeye ni mbuta aliyechana nyavu za kaka zake wote, nasi tukampigia makofi. Kwa hiyo tulisimama mbele yake bila wasiwasi.

Binamu akamwambia kwa Dholuo, "Japuonj, wewe unajua."

Mwalimu akajibu kwa Kiswahili, "Tuzungumze lugha ambayo wageni wetu wanaielewa."

"Basi waelezee, mwalimu. Waambie pakruok ni nini."

Mwalimu aliwatazama wageni wa Nairobi waliokwisha kusogea kusikiliza. "Ni kelele za ngomani," akasema. "Hapa si ngomani."

Mgeni mmoja akacheka. Kijana msimulizi alisita, akauliza kama haiwezekani kurudia zamu ile. Mwalimu akaichukua karatasi mwenyewe, akaichana vipande vinne, akaviweka mbele ya binamu yangu kwa adabu, kama mtu anayemwandalia mgeni chakula.

Nafasi ilimwendea yule kijana wa Kisii. Mchana kutwa mtu wake alikuwa amejificha nyuma ya mti, hakusema neno.

Jioni wageni walipopanda gari lao, mwalimu alitufuata mlangoni. Akaushika mkono wa binamu yangu kwa mikono yake miwili, na sasa alizungumza Dholuo, tena kwa furaha.

"Omera, usiniwekee kinyongo. Ulijisifu vizuri sana. Ile ya mkwe na mbwa wa ukweni imenikuna. Nitaitumia."

Binamu yangu alisubiri mkono wake uachiliwe.