Watoto wa China wa Ghorofa ya Tatu

Siku ya kwanza kazini hapa Johannesburg, mwaka 2015, supavaiza alinipa ndoo, mopu na ufunguo mama, yaani ule unaofungua vyumba vyote vya hosteli. "Gogo," akaniambia, ndiyo bibi kwa Kizulu, "unagonga, unangoja. Mwanafunzi akisema hapana, unapita." Nikasema sharp, yaani sawa. Mimi wa Bukavu, niliyelea watoto mpaka wa jirani, nishindwe kupita mlango?

Basi wajukuu, ghorofa ya tatu walikaa wanafunzi wa China. Niliwaonyesha spaza, kiduka cha mtaani, yenye mchele mzuri, na robot gani, zile taa za barabarani, mtu asisimame simu mkononi. Wakazoea. Mmoja tu alininyima raha, msichana Mei. Akitoka darasani anajifungia. Pipa lake la taka halina hata ganda la ndizi, na sisi wa usafi tunajua maana yake: huyo hali chakula.

Nilipomweleza, meneja wa hosteli akasema, "Nimemuuliza kama anahitaji msaada. Kasema hapana, asante. Nimlazimishe, Gogo?"

Siku moja nikamkuta Mei anakunja nguo. Akaniambia Ijumaa teksi inamchukua kwenda uwanja wa ndege, anaacha masomo, na mama yake bado hajui. Miguu yangu ikakosa kutulia. Nikapiga mopu korido ileile mpaka Mama Chantal, mwenzangu, akanicheka, "Dada, unatafuta China chini ya hiyo sakafu?"

Nikamkaribisha Mei chakula. Hapana, asante. Nikamwendea mwenzake wa ghorofa ileile, Wei, kijana mcheshi.

"Gogo, kwetu ukikaribishwa unakataa kwanza, usionekane mlafi," akasema. "Huku mnauliza mara moja, mnaondoka na sahani. Hata mimi nililala njaa."

Eish. Na kwetu Kongo mgeni haulizwi kabisa, anawekewa! Ni Johannesburg hii iliyonifundisha kuuliza.

Kesho yake sikuuliza. Nikamgongea, "Mei, njoo jikoni unishikie sufuria, nasonga fufu." Kazi hakuikataa. Fufu, ugali wetu wa muhogo, ikaiva, nikamketisha, nikamwekea na sombe ya majani ya muhogo na samaki. Akasema hapana. Nikaongeza samaki. Hapana. Nikaongeza sombe.

"Gogo, nikikataa tena meza itavunjika," akasema, akaanza kula. Alikula machozi yanamtoka. Wei akafuata harufu, akavuta kiti.

"Wewe nani kakukaribisha?" nikamuuliza.

"Nimeshakuwa Mkongo," akasema. Mei akacheka na mdomo umejaa.

Ijumaa teksi ikapiga honi. Mimi niko dirishani, nafuta kioo kilekile. Mei akashuka mikono mitupu, amevaa ndala. Akaongea na dereva. Teksi ikaondoka, yeye akapanda ngazi.

Nilistaafu 2019, nakaa mtaa wa Berea kwa binti yangu. Kila asubuhi miguu inatafuta korido. Nanyi wajukuu mnaniambia kwa Kiingereza chenu nikae chini. Nitakaaje? Kuna kijana wa Burundi kahamia mlango wa pili, na sijasikia kijiko chake kikigonga sufuria. Maji ya fufu yako motoni.