Kiti Kutoka Milepa

Mkutubi wa maktaba yetu Sumbawanga, iliyotunza pia vitu vya kale, hakuchekea zawadi. Ukimletea kinyago, alikigeuza, akakinusa, akakigonga kwa ukucha, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Nyumbani kwenu wanajua?" Wengi waliudhika.

Siku moja Wilibrodi wa Milepa alileta kigoda cha marehemu babu yake, akitaka atajwe kwenye mkutano wa chama. "Ukoo umekitoa kwa taifa," alisema. Mkutubi alikipapasa taratibu, hakumtazama. "Kiache. Kesho uje na mama yako."

Wilibrodi hakurudi. Alikuja mama yake peke yake, vumbi hadi magotini, akiuliza kama kuna aliyekiona kigoda cha baba yake. Mkutubi alikitoa, akakipangusa kwa pindo la khanga yake, akakiweka sakafuni.

"Shikamoo, mama. Kaa kwanza upumzike."