Mstari wa Mwisho Si Wake

Kwanza lisafishwe hili: Fundi hakuwa mlevi. Wanaopita mbele ya stendi ya mabasi, wakaona mstari wa chini wa jiwe la kumbukumbu umepinda kama mkia wa mbwa, wakacheka kwamba mzee alikuwa amekunywa siku hiyo, wanamsingizia marehemu. Wiki iliyopita tu, kwenye foleni ya zahanati, mama mmoja alimsimulia mwenzake hivyo hivyo kwa sauti kubwa, na mjane wa Fundi amekaa benchi la nyuma yao. Lisemwalo lipo, husema wavivu wa kuuliza. Ulevi wa Fundi ulikuwa chai ya sukari nyingi, na mkono wake haukutetemeka hata siku moja mpaka vumbi la mawe lilipomlaza kwa kifua.

Alichonga mawe ya makaburi kwa miaka thelathini na moja, katika karakana ya mabati nyuma ya nyumba. Alikuwa na sharti moja. Hakugusa patasi mpaka ndugu wa marehemu aje mwenyewe aandike lile jina kwenye karatasi, kwa mkono wake. Mkewe, ambaye alikuwa mwalimu mkuu, alimtania sana.

"Si wakupe kitambulisho unakili?"

"Kitambulisho kaandika karani, Mwalimu. Karani hakumzaa."

Ndivyo alivyomwita tangu uchumba, Mwalimu, na yeye akamwita Fundi, wakazeeka hivyo.

Siku magaidi walipovamia stendi, waliingia ukumbi wa abiria saa tatu asubuhi. Askari waliingia saa tisa alasiri. Watu thelathini na wanne hawakutoka wazima. Mwaka uliofuata kamati ya mji iliagiza jiwe, na aliyeileta kazi hiyo nyumbani ni mdogo wake Fundi, ofisa katika ofisi ya mkuu wa mji, mtu wa suti na salamu nyingi. Ndiye pia aliyesema, "Shemeji, kamati inaomba utunge sentensi moja ya kuwekwa chini ya majina. Nani mwingine hapa mjini anaijua lugha kama wewe?"

Mwalimu alifurahi, na halifichwi. Alipewa taarifa ya serikali yenye kurasa mbili, akaisoma, akatunga: *Vikosi vyetu vilifika bila kuchelewa, na taifa halikuwaacha peke yao.* Aliisoma kwa sauti jikoni. Fundi akasema imepangika vizuri, akaongeza sukari.

Kisha ndugu wa marehemu wakaanza kuja karakanani. Walikaa kwenye kigoda, wakaandika jina, halafu hawakuondoka. Kila mmoja alikuwa na saa yake. Huyu mumewe alipiga simu saa tano, akauliza mbona askari wamesimama tu nje. Yule dada yake aliandika ujumbe saa saba. Mama wa kijana aliyekuwa akikata tiketi aliandika jina la mwanawe, akageuza karatasi, akaandika tena nyuma: "Saa nane na robo. Mama, bado tuko hai, waambie waje." Fundi alizitunza zote katika boksi la viatu. Majina thelathini na manne aliyachonga kwa miezi mitatu. Ule mstari hakuugusa.

Jumapili moja shemeji, yule mdogo wake Fundi, alikuja kula chakula cha mchana, akaulizia kazi.

"Majina yamekwisha," alisema Fundi. "Mstari siuchongi."

"Una maana gani, huuchongi?"

"Ni uongo."

Shemeji aliweka kijiko chini. "Kaka, angalia mdomo. Nchi imepigwa, na wewe unaipiga tena? Wenzako wamekufa, vijana wa jeshi wawili wamekufa, halafu wewe na patasi yako unawakosoa?"

"Hao vijana wawili nimewachonga, namba kumi na tisa na ishirini. Sijawakosoa. Nawauliza waliowaweka nje kwa saa sita nzima."

"Walikuwa wanapanga! Operesheni haikurupukiwi."

"Saa sita wanapanga? Hata harusi ya mtoto wako, kwa muda huo mlikuwa mmeshapata viti."

Mwalimu alicheka, akajutia kicheko chake papo hapo, maana shemeji alikuwa amewiva usoni.

"Unaivua nchi nguo mbele ya adui. Adui anasikiliza!"

"Adui alikuwa ndani, alisikia vizuri sana. Wasiosikia ni wale wa nje."

"Wewe ni fundi. Fundi wa mlango haulizi nani atapita mlangoni."

"Na wewe je? Tarishi haulizi barua inasema nini?"

"Tarishi!" Shemeji alisimama. "Mimi ndiye niliyekutoa kwenye makaburi ya maskini nikakuletea kazi ya taifa. Nimekuwekea dhamana jina langu. Shemeji, sema naye. Maneno yenyewe ni yako!"

Hapo wote wawili walimgeukia. Fundi alikwenda karakanani, akarudi na boksi la viatu, akaliweka kati ya sahani. Mwalimu alitoa karatasi moja moja. Alizisoma kama alivyozoea kusoma madaftari, haraka, mpaka alipofika ile ya mama wa kijana wa tiketi. Aliisoma mbele, akaisoma nyuma. Alikuwa amemfundisha kijana huyo darasa la nne. Alikuwa mtoro, mwenye kucheka ovyo.

Basi alijua. Lisije likasemwa kwamba hakujua. Aliikunja karatasi ile, akairudisha ndani ya boksi, akasema:

"Chonga tu, Fundi. Tumeshaahidi. Kamati nzima inajua nimeuandika mimi. Jina letu litakuwa wapi?"

Fundi alilifunika boksi. "Jina letu halimo kwenye jiwe, Mwalimu. Yamo ya kwao."

Hakupandisha sauti. Alichukua boksi lake, akatoka.

Jiwe lilipelekwa na majina yake, na chini yake nafasi tupu, imesuguliwa ikang'aa. Shemeji hakurudi nyumbani tena. Alikodi fundi wa marumaru za sakafuni, aliyekuja na mashine ya umeme, akaumaliza mstari mzima kwa alasiri moja. Kila herufi imeegemea mwenzake, na maneno "peke yao" yamebanwa ukingoni kama watu walioambiwa wasogee. Hiyo ndiyo kazi mnayomcheka Fundi kwayo.

Siku ya uzinduzi Fundi alisimama nyuma kabisa, amevaa shati lililopigwa pasi. Mwalimu aliketi mbele, kwenye viti vya wageni. Wakubwa walimpa mkono kwa maneno yake mazuri. Mama wa kijana wa tiketi alipita mbele yake bila salamu. Kisha mtu mmoja kwenye kiti cha pili alisema, "Kumbe mzee mkono umemtetemeka pale mwisho. Gongo hilo." Watu wakacheka kidogo kidogo, kwa adabu ya shughuli.

Ingetosha Mwalimu ageuke aseme: si mkono wake. Lakini wangeuliza, ni wa nani basi, na kwa nini? Ingejulikana kwamba mume alikataa maneno ya mkewe, na ndugu wawili wa tumbo moja hawasemezani. Aliona nyumba iliyogawanyika ni aibu kubwa kuliko fundi mlevi. Akanyamaza, akaitengeneza mikunjo ya gauni lake.

Fundi alisikia. Njiani kurudi nyumbani alisema tu kwamba jua lilikuwa kali. Baada ya hapo watu walipeleka mawe yao kwingine, maana nani ampe mlevi jina la mzazi wake? Alikaa karakanani miezi kumi na minne akinoa patasi zisizo na kazi, kisha kifua kikamshika. Hakumlaumu mkewe hata mara moja, na hilo mjane halikumpunguzia kitu.

Ofisi ya mji sasa imeanza kukiri, chini chini, kwamba siku ile kulikuwa na "mapungufu". Ametumwa kijana mmoja mwenye adabu kumwuliza mjane kama familia inaweza kuandika barua, kusema mstari ulipinda kwa vile marehemu alikuwa mgonjwa, ili mstari ubadilishwe bila makelele. Alikaribishwa kiti. Hakukaribishwa chai.

Marehemu hakuwa mgonjwa wala mlevi. Alikataa. Maneno ni ya mkewe. Boksi la viatu liko mahali salama, na wenye karatasi zao wakizitaka watapewa mkononi. Kuhusu shemeji, na yaliyosemwa chumbani kati ya mume na mke katika ile miezi kumi na minne, mjane hasemi, na asiulizwe tena.