Nyumba ya Kwa Sadala na Salamu Niliyochelewa Kuitoa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka naiweka chai pembeni. Asubuhi hiyo nilipanda kwetu Old Moshi nikamkuta baba yangu amesimama mlangoni, kavaa koti lake la kanisani, viatu vimeng'arishwa, na miguuni pake kuna mche wa mgomba aliouchimba mwenyewe na kuufunga kwenye gunia lililoloweshwa maji. Alikuwa ananisubiri nimpeleke mji mdogo wa Kwa Sadala, kwenye nyumba niliyomwambia kwamba nimeshainunua. Nami nilikuwa nimepanda mlima kumwambia bado.

"Baba, dalali anasema wiki ijayo."

Aliniangalia, kisha akauangalia mche. "Haya," akasema. "Mgomba hauogopi wiki moja." Akarudi ndani kuvua koti. Haikuwa mara ya kwanza kulivaa kwa ajili yangu, wala haikuwa ya mwisho.

Ngoja nikueleze vizuri, maana wewe umezoea mjini na mambo haya unayasikia Krismasi kwa Krismasi tu, tena ukiwa umeshiba nyama. Mimi ni mtoto wa katikati. Kwetu, kihamba, lile shamba la ukoo lenye nyumba, kahawa, migomba na makaburi ya wazee, huenda kwa wa kwanza na wa mwisho. Kifunguamimba hukatiwa chake, kitindamimba hubaki na wazazi na kuirithi nyumba yao. Sisi wa katikati tunapewa baraka na kuoneshwa barabara. Simlaumu mtu, ardhi ya mlimani haiongezeki na watoto wanaongezeka. Lakini baba hakutaka nijione nimetupwa. Siku nilipooa aliniita pembeni akaniambia: "Ukipata pako, usilale hapo kabla sijaja. Nitaleta mgomba wa hapa niupande kwa mkono wangu na kusema maneno. Patakuwa kihamba kama hapa."

Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta, mwanangu. Nyumba watu wengi huipata. Baba nilikuwa naye mmoja tu, na alikuwa anazeeka.

Wakati huo nilikuwa na duka la dawa za mifugo pale Kwa Sadala, na tulipanga vyumba viwili na mama yenu. Dalali wangu aliitwa Elifuraha, kijana mchangamfu, shati jeupe kila siku, mdomo umepakwa asali. Siku hizi madalali wanakutumia picha za nyumba kwenye simu. Elifuraha alikuwa anakuonesha kwa maneno, na nakuapia maneno yake yalikuwa na rangi kuliko picha. Alinipeleka kuiona nyumba iliyo nyuma ya soko, ya matofali, yenye migomba michache, mti wa parachichi na banda la ng'ombe. Niliipenda nikiwa bado getini.

Nyuma ya banda kulikuwa na kaburi. Lilijengewa kwa saruji, na kandokando yake masale yamepandwa kwa mstari, yale majani marefu ya kijani tunayozungushia mipaka na makaburi. Nilisimama nikayatazama. Yalikuwa yamepunguzwa vizuri, majani makavu yote yameondolewa.

"Hilo la zamani, mangi," Elifuraha akasema, akinipamba kwa jina la machifu wetu. "Mama yao. Wenyewe wako Dar, watakuja kulihamisha. Wewe usijali."

Nami sikujali. Mchagga mzima, niliyelelewa katikati ya makaburi, naona masale yaliyokatwa majuzi naambiwa wenyewe wako Dar, nakubali. Ukipenda kitu macho huona unachotaka tu.

Akanipa na sharti. "Usimtafute mwenye nyumba wewe mwenyewe. Akikuona ana kwa ana bei inapanda. Niachie mimi." Nilijiona mjanja kwa kulishika sharti hilo. Leo najua alikuwa anaogopa nisimruke tukamalizana bila yeye, naye akose chake, na kwa kweli wapo wanaofanya hivyo. Alikuwa na watoto wa kulisha. Lakini hofu yake ndogo ilininyima baraka yangu kubwa.

Nikatoa malipo ya awali, na hapo ndipo kesho zilipoanza. Mara mtendaji wa kijiji amesafiri. Mara yule kaka anayeuza nyumba amepata dharura huko Dar. Mara kuna msiba, na kwetu ukitaja msiba nani atakuhoji? Mara simu ya Elifuraha haipatikani kabisa, nikimkuta sokoni ananikumbatia kama ndugu aliyepotea. "Tulia, mangi. Mvumilivu hula mbivu." Ananitolea methali mimi, aliyenizuia kula hata mbichi! Wazee wana nyingine, ngoja ngoja huumiza matumbo, ila hiyo dalali hawezi kukukumbusha.

Kila aliponipa siku, nami nilipanda Old Moshi nikampa baba siku hiyo hiyo. Na kila siku ilipokaribia baba alishuka migombani na sururu yake, akachagua mche, akauchimba. Siku ikipita, mche ulikauka pale mlangoni, mama akawapa mbuzi. Mwanzoni alikuwa anakuja hadi barabarani kunilaki. Baadaye akaishia mlangoni. Masika yalipokwisha na baridi ya Juni kuushika mlima, kifua kikambana, akawa anaulizia siku akiwa kitandani, na miche anachimba mdogo wangu. Nilikuwa naanza kuogopa kupanda kwetu. Nikikaribia natembea polepole, maana nilijua ninachobeba.

Siku moja nilimkuta mama anamlisha mtori, supu yetu ya ndizi, kwa kijiko. Aliniashiria nikae. Nikaanza tena wimbo wangu wa dalali na mtendaji. Akausukuma mkono wa mama taratibu.

"Huyo anayekuuzia," akasema, "mama yake anaitwa nani?"

Sikujua.

"Umenunua kwa mtu usiyemjua mama yake?"

"Mama yake ameshafariki, Baba. Kaburi lake liko pale pale kiwanjani."

Baba akafumba macho. Nikadhani amepitiwa na usingizi. Kisha akauliza, "Masale yake yamekatwa?"

"Yamekatwa."

"Nani anayakata?"

Mwanangu, nilikaa pale kwenye kigoda na umri wangu, na watoto wangu, na duka langu, nikainama kuchezea kamba ya kiatu.

"Mwaka mzima unaongea na dalali," baba akasema, naye hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Dalali kazi yake ni kukuonesha mlango. Hodi unapiga wewe. Yupo mtu analitunza kaburi la mama yake, nawe unataka kuhamia hapo hujamsalimia. Kama ningekuwa mimi, ningekuuzia?" Akamwambia mdogo wangu akakate jani la isale mpakani. "Mpelekee. Usimpelekee maneno mengi."

Sikuhitaji ushushushu wowote kumpata huyo mtu. Bibi jirani wa ile nyumba, ambaye nilikuwa nampita kila siku, alinijibu huku anapepeta mahindi: "Ni Ndeanasia, binti yao mkubwa. Ameolewa Rombo, anauza maharage sokoni Tarakea. Huja mara kwa mara kumsafishia mama yake. Hujui? Si ndiye aliyekataa kusaini?" Kuuliza si ujinga, lakini mimi kwa kutokuuliza nilikuwa mjinga wa kupimwa kwa debe.

Kesho yake nikapitia Himo, nikashika gari la Rombo, jani langu mkononi. Hakuna aliyeniuliza ninakwenda wapi. Watu wa huku wanajua kwamba aliyeshika isale anakwenda kuomba radhi, na mtu ukimletea jani hilo ni vigumu akufukuze.

Nilimkuta nyuma ya magunia ya maharage, mama mwenye mwili, khanga mbili, kilemba cha manjano. Nikamwambia shikamoo, nikampa jani kwa mikono miwili. Alilipokea. Akaliweka juu ya maharage, ndipo akaitikia marahaba.

"Wewe ndiye mnunuzi?"

"Ndiye, mama. Nimekuja kukusalimia. Nimechelewa."

"Umechelewa kweli," akasema, na machozi yakaanza kumtoka palepale mbele ya wateja. "Yule kijana wenu alinipigia simu. Salamu hakuna. Ananiambia, mama, njoo usaini, kaka yako ameshakubali, na kaburi tutalihamisha. Atamhamisha mama yangu! Kwani ni gunia? Mtu anayetaka kupita juu ya mama yangu bila kuniambia hata hujambo, nimpe sahihi ya nini?"

Mwenye kovu usidhani kapoa. Nilimwambia kwamba kaburi halitatoka pale nikiwa hai, na kwamba geti litakuwa wazi kwake wakati wowote atakapotaka kuja kukata masale. Nikamweleza habari za baba na mgomba. Alifuta uso kwa khanga.

"Basi ni hilo tu," akasema. "Sikuwa na lingine. Mwambie mzee wako Jumatatu nitakuja kusaini. Mwambie apone." Akanipimia maharage ya kumpelekea mgonjwa, akanikataza kuyalipia na kuyakataa.

Ni hilo tu. Mwanangu, kile kilichoninyima usingizi kwa misimu miwili kilikuwa ni nauli ya kwenda Tarakea na neno moja.

Sikupitia nyumbani. Niliunganisha moja kwa moja hadi Old Moshi nikamkuta baba amefumba macho. Nikampigia magoti kitandani nikamwambia yote: Ndeanasia, khanga, machozi, Jumatatu. Alisikiliza bila kufumbua macho. Nilipomaliza akatabasamu kidogo.

"Anayakata mwenyewe?"

"Mwenyewe, Baba."

"Mtoto mzuri." Akatafuta mkono wangu juu ya blanketi. "Sasa mimi ndiye nitakayekuchelewesha."

Nikacheka, kwa sababu nilifikiri anatania. Alikuwa na utani wa namna hiyo.

Jumapili, watu wakiwa kanisani, baba alikata roho. Jumatatu, badala ya Ndeanasia kwenda Kwa Sadala kusaini, alikuja Old Moshi na wanawake wenzake wa sokoni, wakapika msibani kwetu kana kwamba ni kwao. Tulimzika baba kihambani, upande wa juu, karibu na babu. Elifuraha naye alikuja, akakaa viti vya nyuma kabisa. Watu walipoanza kutawanyika alinifuata, shati jeupe lina vumbi.

"Pole, mangi. Mimi nilidhani yule mama atachoka tu, akubali." Akainamisha kichwa. "Sikujua habari za mzee."

Nilitaka kumtukana. Nikatafuta tusi nikakosa, kwa sababu mwenye kuzijua habari za mzee nilikuwa mimi.

Nyumba niliipata; matanga yalipokwisha Ndeanasia alisaini. Ndiyo hii ulimozaliwa. Kaka yangu mkubwa alikuja akapanda mgomba, akasema maneno mazuri, na tunakula ndizi zake hadi leo. Lakini nitakwambia ukweli ambao mama yako tu ndiye anaujua: usiku wa kwanza humu ndani sikulala kama mtu aliye kwake. Nililala kama mpangaji. Majuto ni mjukuu, na wangu amekua, ameota ndevu.

Kwa hiyo nimesikia na wewe umepata dalali, na kwamba nyumba ni nzuri, na kwamba anakwambia wiki ijayo. Sikukatazi. Madalali si maadui; bila Elifuraha nisingelijua lile geti. Mwache akuoneshe njia na umlipe haki yake bila kumzunguka, ili naye asiwe na sababu ya kukuficha. Ila hodi piga mwenyewe. Ulizia mwenye nyumba ni nani, mama yake ni nani, ndugu zake wako wapi, yupi ananuna na ananunia nini. Kaa na jirani unywe hata maji tu. Ukiona kaburi, uliza anayelifagia. Na usitoe hata senti kabla wote wenye haki hawajakaa chumba kimoja mbele ya mtendaji, maana nyumba inayouzwa na mmoja wa wengi haijauzwa.

Na hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa hiyo lisikie. Siku zote zile za kungoja ningeweza kumkodia baba gari tukashuka Kwa Sadala, akasimama nje ya uzio tu, akapaona, akanyoosha mkono wake. Haikuhitaji hati. Sikufanya kwa sababu niliona aibu kumwonesha kitu ambacho hakijakamilika. Nilitaka aje siku moja tu, siku kamili. Wazee hawangoji ukamilifu wetu, mwanangu, wanatungoja sisi. Mpeleke mama yako akaione hiyo nyumba wiki hii, hata kama kuna mpangaji ndani, hata kama itakuja kukuponyoka. Mimi pia, magoti yakiniruhusu, nitakuja.

Mungu akujalie pa kwako, mwanangu. Akupe mlango usioufungua kwa machozi ya mwingine, na majirani wanaojua jina la mama yako. Na akupe hayo yote mapema, wakati sisi tuliokuzaa tungali na miguu ya kuingilia.