Liwa na Feni ya Zaituni

Harufu ya liwa mbichi ndiyo saa yangu. Ukisugua kijiti chake juu ya jiwe la tumbawe, ukatia maji kidogo kidogo, inapanda harufu ya mti uliolowa mvua, na mimi papo hapo ni msichana wa miaka tisa, nimekaa kati ya magoti ya mama yangu, nimefumba macho, napakwa tope la manjano usoni. Huku Madagaska tunaliita masonjoani, na wanawake wanatembea nalo sokoni mchana kweupe. Mama alilibeba jiwe lake kutoka Ambanoro, kule Nosy Be, tulipohamia Mahajanga mwanzoni mwa miaka ya themanini. Vyombo vingine tuliviacha. Jiwe hakuliacha. Nyumbani tulisema Kikomoro, mtaani Kimalagasi, na Kiswahili hiki nilikipata kwa baba, aliyefanya kazi melini na Waswahili. Skuli mimi niliionja tu.

Tulipanga chumba Tsaramandroso, na jirani yetu ukuta kwa ukuta alikuwa Zaituni, msichana wa rika langu. Nasema wazi, nilimwonea wivu. Baba yake alikuwa mfanyabiashara, basi kwao kulikuwa na televisheni, deki ya video, na feni ya kusimama inayogeuza shingo huku na huku kama mtu anayesikiliza umbea wa nyumba mbili. Jumapili baada ya adhuhuri waliweka filamu ya Kihindi, na watoto wa mtaa tukajazana sakafuni. Hatukuelewa neno. Haidhuru, wakilia mle ndani, na sisi tunalia. Mimi niliyetoka Ambanoro, ambako kilichowaka ndani ya nyumba ni taa ya mafuta peke yake, kile kioo kilinimeza mzima.

Kina mama wengine walikuja kuwatoa watoto wao na kandambili mkononi. Wangu hakupandisha sauti. Alinipaka liwa, akasema mara moja tu: "Ikikauka ikapasuka, nyanyuka urudi." Hiyo ndiyo sheria yote. Hakunifuata wala hakutuma mtu, maana ushahidi niliubeba usoni. Nikawa namwomba anipake nene, kama fundi anayepiga lipu, nipate kufika mwisho wa filamu. Alinipaka nene vilevile nilivyotaka, akitabasamu.

Na mwisho sikuuona hata mara moja. Ilikuwaje? Zaituni, aliyeijua sheria ya mama, alinipa nafasi ya mbele. "Pita, mgeni wetu, kaa hapa kwenye upepo," aliniambia kwa adabu, mama yake akamsifu kwa ukarimu, na mimi mjinga nikajiona nimeheshimiwa. Kumbe feni ilikuwa imefungwa shingo, inanipuliza mimi tu. Kabla shujaa hajampata mama yake aliyepotea, mashavu yameshavuta, nikicheka yanapasuka. Hapo Zaituni ananiinamia sikioni: "Ukuta umepasuka, Mwanahawa. Fundi anakungoja nyumbani." Naondoka naangalia nyuma, yeye kajinyoosha mahali pangu.

Siku nilipogundua ile hila ya feni, nilirudi nalia kwa hasira, nikamtaka mama aifute sheria yake. Hakuifuta. Hakumsema Zaituni, hakunifokea mimi. Aliniosha uso taratibu kwa maji ya vuguvugu, kisha akauliza, "Ulimwacha wapi yule kijana?" Nikamwambia yuko kwenye treni, mama yake hajulikani alipo. "Ikawaje?" Sijui, feni imenifukuza. "Hata mimi sijui. Basi tutafute." Tukatafuta mimi na yeye, huku anachagua mchele. Kijana akashuka kwenye treni, akapanda boti ya Nosy Be, akamkuta mama yake Ambanoro anakaanga sambusa. Kesho yake nikawasimulia watoto bombani. Zaituni akadakia kwamba sivyo, kijana alikufa. Wote walikuwa wameuona mwisho wa kweli, lakini waliniambia mimi niendelee. Nilimwona Zaituni alivyobana midomo. Wallahi, ndoo yangu siku ile ilikuwa nyepesi kichwani.

Leo naishi Antanimasaja kwa binti yangu Rahma. Mjukuu wangu Nuru anasoma Kifaransa kama anakunywa maji, na mtaa mzima unajua kwa sababu nimewaambia. Ila ana simu ya mama yake, na ndani ya simu kuna katuni za paka msafiri. Nikimwita, "Ndiyo, Koko," yaani bibi kwa Kikomoro, bila kuinua macho. Macho hayo nimeyaosha mimi tangu anazaliwa. Naionea wivu ile simu kuliko nilivyomwonea Zaituni, maana Zaituni angalau alikuwa na shingo ya kukabwa. Nilipiga kelele. Nikaificha kwenye gunia la mchele, nyumba ikageuka matanga. Rahma hakupiga kelele. Aliliomba jiwe la bibi yake, akamkalisha mtoto kati ya magoti, akampaka. "Ikipasuka, unanipa simu." Na mtoto anaitoa kweli, halafu anamkalia mama yake mapajani kumsimulia. Utulivu wa mama yangu ulinipita mimi ukaenda kwa binti, na hilo nalo linanichoma. Sisi filamu ikitukatikia tulibaki na shimo la kujaza wenyewe. Paka wa Nuru anamsubiri palepale alipomwacha, mpaka kesho.

Jumapili hii Rahma alikwenda sokoni. Nuru alikuwa mkekani na simu, kapakwa nene, feni yetu inageuza shingo. Nikainuka, nikaifunga shingo, nikamwelekezea.

"Kuna joto, mjukuu wangu," nikasema, kwa adabu zote za Zaituni.

Punde akashika shavu. "Koko, leo imepasuka upesi."

"Ndiyo hivyo. Lete simu. Ulimwacha wapi huyo paka?"

Akaja kukaa kati ya magoti yangu. Paka yuko juu ya paa, akasema, na ngazi wameiondoa.

"Ikawaje?" nikamwuliza, na feni sikuigeuza.