Bi Nukta na Mwanzo wa Mstari

Mimi ni fundi cherehani. Kompyuta sizijui na wala sina hamu nazo. Lakini siku ile dada yangu aliponipigia simu saa nne asubuhi, akasema "Njoo," kisha akanyamaza, niliacha suti ya mtu mezani na pini zake nikatoka mbio, tepu ya kupimia bado shingoni. Dada yangu si mtu wa neno moja. Hata kukuomba chumvi anaanza na utangulizi.

Yeye ni mkutubi wa chuo cha uuguzi kilicho ng'ambo ya barabara, mkabala na chumba changu cha kushonea. Mbele yake wanafunzi wanamwita Mama. Akigeuka tu ni Bi Nukta, na jina hilo alilipata kihalali: ukimpelekea fomu ambayo sentensi yake haina nukta mwishoni, anakurudishia. Shemeji yangu, mumewe, alipofariki, nilimwandikia dada barua ya rambirambi. Wiki mbili baadaye akanirudishia imesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Nikalia upya.

Kwa miaka kumi na moja alikuwa na kazi aliyojipa mwenyewe bila kutumwa na mtu. Wakufunzi wa zamani wa chuo waliacha madaftari ya masomo yao, yameandikwa kwa mkono, mengine wino umefifia hata mashine ya kunakili haioni kitu. Dada aliyachapa kwenye kompyuta ukurasa kwa ukurasa, akayageuza vitabu vya kusomea kwenye simu. Vilifika mia mbili na kumi na vinne. Vyote vilikaa kwenye kompyuta iliyo chini ya meza yake, ndani ya programu ya kupanga vitabu, na wanafunzi walikuwa wakiingia humo kwa simu zao kuchukua wanachotaka. Paa la stoo lilipovuja na madaftari mengi yakaoza, alisema hakuna neno, kila kitu kimo kwenye mashine.

Nilimkuta amekaa, mikono miwili juu ya meza, anatazama skrini. Skrini ilikuwa safi. Katikati palikuwa na maneno mawili tu: hakuna vitabu.

Fundi wa kompyuta wa chuo alikuwa amepiga magoti chini ya meza. Huyu wanamwita Taratibu, maana hata kupiga chafya anajifikiria kwanza. Nikamwambia anieleze kama anavyomweleza mtu asiyejua kitu, kwa kuwa ndivyo nilivyo. Akasema programu ile imefungwa ndani ya kitu wanachokiita kontena. Ni kama boksi ndani ya kompyuta: programu inakaa humo na vitu vyake vyote, haigombani na programu nyingine. Toleo jipya likitoka, unalifuta boksi la zamani na kufungua jipya. Ndiyo maana vitabu havitakiwi kukaa humo. Vinakaa nje, kwenye folda ya kompyuta yenyewe, na kwenye faili ya maelekezo unaandika mstari mmoja wa kulionyesha boksi njia ya kufika kwenye folda hiyo. Asubuhi ile dada alikuwa ameweka toleo jipya, kama alivyofundishwa. Akafuta boksi. Kumbe vitabu vilikuwa ndani.

Miaka kumi na moja, kwa kidole kimoja.

Dada hakubisha. Alifungua mkoba akatoa flashi, akampa Taratibu kwa utulivu, akasema kila Ijumaa ananakili folda ya vitabu humo, tangu walipobadilisha kompyuta miaka miwili iliyopita. Nikapumua. Huyu ndiye dada yangu ninayemjua, mtu wa kufunga mlango mara mbili. Taratibu akaichomeka, akatazama, akanyanyua macho kunitazama mimi badala ya kumtazama yeye. Folda ya nje haikuwahi kuwa na kitu. Ijumaa zaidi ya mia moja, dada yangu alikuwa ananakili hewa.

Hapo ndipo Taratibu alipofungua faili ya maelekezo. Mstari wa kuonyesha njia ulikuwepo, dada aliujaza mwenyewe na haukuwa na kosa, ila mwanzoni kabisa ulikuwa na alama ya reli, ile #. Alama hiyo, akasema, inaiambia kompyuta iruke mstari mzima, isiusome. Huja na faili yenyewe, naye alipaswa kuifuta kabla hajawasha.

"Alama gani?" dada akauliza.

"Hii hapa, Mama."

"Hapo hapana alama."

Mimi niliiona hata pale niliposimama, karibu na mlango. Nikamwambia, dada, ipo, tena kubwa. Akasogeza kiti, akageuza kichwa upande kama kuku anayetafuta punje, akatazama muda mrefu. Mwisho akasema kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu kaiweka baadaye. Nilipandwa na hasira. Mtu kapoteza vitabu mia mbili na bado anabishia kitu kilicho mbele ya macho yake! Nikamwambia kiburi chake siku moja kitamla, na leo kimeanza kumtafuna. Hakunijibu, na hilo peke yake lingetosha kunishtua kama ningekuwa na akili.

Mtihani wa mwisho ulikuwa baada ya wiki tatu. Taratibu akasema bado kuna njia: wanafunzi wamevichukua vitabu hivyo kwenye simu zao, waombwe wavirudishe. Dada alikataa siku nzima. Aibu ilimbana, yeye aliyewafukuza watu maktaba kwa kukunja ukurasa, leo awaombe. Kesho yake alibandika tangazo mlangoni. Lilikuwa na nukta.

Aliyekuja ni kiranja wa mwaka wa tatu, mwanamke mtu mzima aliyeingia chuoni akiwa na watoto wawili, mpole lakini hayumbi. Alikuja na kadi ya kumbukumbu ya simu. Taratibu akaifungua, na kwa mara ya kwanza nilimwona akifanya jambo haraka. Vitabu mia mbili na tisa! Nikakaa juu ya rundo la magazeti. Dada alifunika uso kwa viganja, mabega yakimtetemeka, na mimi sikuwa nimemwona akilia tangu msiba wa mumewe.

Alipotulia akafungua kitabu cha mwisho alichokichapa, kile ambacho daftari lake bado lilikuwa mezani. Akasoma ukurasa mmoja, akakuta maneno ambayo hakuyachapa. Akarudi nyuma. Uso ukambadilika.

"Nani kagusa vitabu vyangu?"

Kiranja akasema, "Ni sisi, Mama. Tunavisahihisha. Mwaka wa pili sasa."

Nilidhani nimesikia vibaya. Bi Nukta, asahihishwe? Lakini kiranja aliendelea, polepole, kama mtu anayefungua bandeji. Kitabu kipya kikitoka, darasa linagawana kurasa, kila mtu anapeleka zake kwa mkufunzi zikalinganishwe, halafu wanapeana nakala iliyosahihishwa kimyakimya. Walianza siku walipokuta kipimo cha dawa ya watoto kimeandikwa hamsini, nao wakijua fika ni mia moja na hamsini. Tarakimu 1 ya mwanzo haikuwepo.

Dada alishika ukingo wa meza. Kosa la nukta kwake lilikuwa dhambi, na hili lilikuwa kosa la kuumiza mtoto wa mtu. Mwisho akauliza kwa nini hawakumwambia.

"Tulikuogopa," kiranja akasema. "Baadaye tukawa tunakuonea huruma."

Kisha akatoa daftari dogo kwenye mfuko wa sare yake. Walikuwa wameorodhesha makosa yote, kitabu kwa kitabu, na tarehe. Vitabu vya miaka ya mwanzo havikuwa na kosa hata moja. Vya miaka miwili hii vilikuwa na makosa kwa mamia: maneno yaliyorukwa, tarakimu zilizopotea. Akaliweka mbele ya dada, kisha, sijui kwa nini, akalisogeza upande wake wa kulia.

"Yote yako mwanzo wa mstari, Mama. Upande wa kushoto tu. Sisi ni wauguzi. Ulipima macho lini?"

Mimi ndiye niliyepigwa na butwaa, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umekwisha kujua. Mwaka ule nilikuwa nimeshona mikono ya magauni yake mara nne, imechanwa na komeo la mlango, na mara zote nne ulikuwa mkono wa kushoto. Nilimtania kwamba anagombana na milango. Nilimcheka alipomwaga chai iliyowekwa kushoto kwake. Nilikuwa natia uzi na sindano, nazungumza, nacheka, na sikuona. Mwenye macho haambiwi tazama, ndivyo dada anavyowajibu wanafunzi wavivu, na mimi yangu yote mawili ni mazima.

Daktari wa macho alimpima asubuhi nzima. Akasema ni presha ya macho, haina maumivu, inakula kidogokidogo kutoka pembeni na mtu anaizoea bila kujua. La kushoto limeharibika sana, la kulia limeguswa. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, kila siku, maisha yote. Dada alimuuliza swali moja tu, kama ataweza kuendelea kuchapa. Daktari akasema ataweza, mradi kuwe na mtu wa kumwangalilia.

Alipotoka hapo hakutaka kwenda nyumbani. Tulirudi maktaba. Taratibu alikuwa amefuta ile alama ya reli, amevirudisha vitabu kwenye folda ya nje, safari hii nje kweli, na majalada yalikuwa yamejipanga kwenye skrini. Vitano tu havikupatikana, na daftari la kimoja kati ya hivyo lilikuwa limesalimika. Dada akalitoa kabatini, akalifungua ukurasa wa kwanza, akaniambia nivute kiti nikae kushoto kwake. Suti ya mtu bado ilikuwa na pini mezani kwangu. Nikakaa.

Akaweka kidole kwenye karatasi, pembeni kabisa.

"Hapa pana kitu?"

Nikatazama. Wino ulikuwa mweusi, mwandiko mkubwa, wazi.

"Pana maneno matatu," nikasema.

Kidole hakikuondoka. Alikuwa akipatazama mahali pale pale, macho wazi, na nikaona kwamba haoni chochote.

"Yasome," akasema, na mikono yake ikaenda kwenye kibodi.