Mkono wa Mjomba Ndani ya Sampla

Mjomba wangu ndiye mpiga kengele wa kanisa letu, ingawa kengele yenyewe si kengele. Ni ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye mkorosho nje ya kanisa, inapigwa kwa kipande cha nondo. Kijiji chetu kiko pale barabara ya kutoka Masasi inapoanza kupanda kwenda Newala, na sauti ya ringi ile inafika mpaka mashamba ya bondeni. Mapigo ya haraka ni ibada. Pigo moja, kisha kimya mpaka sauti ife kabisa, kisha jingine, ni msiba. Hata mtoto anayetambaa anajua tofauti yake, kwa sababu anaona mama yake anavyoacha sufuria jikoni.

Mimi naishi Newala, natengeneza muziki. Watu huniuliza kama mwanamke anaweza kuishi kwa kazi hiyo, nami huwajibu kwamba wao mbona wanaishi kwa umbea. Nina mashine mbili. Sampla inanasa sauti yoyote na kuiweka chini ya kidole changu. Mashine ya ngoma inazipanga sauti hizo na kuzizungusha bila kuchoka. Mwaka juzi, mjomba akiwa bado na misuli yake, nilimwomba anipigie ringi nimnase. Akapiga pigo moja tu la nguvu, akaweka nondo chini.

"Linatosha hilo," alisema. "Mengine ni ya Mungu."

Pigo lile limo katika nusu ya nyimbo zangu. Vijana wanalirukia kwenye sherehe, hawajui kwamba wanacheza kengele ya kanisa.

Mwaka huu mjomba akaanguka. Hospitali wakamtibu, wakaturuhusu tumuuguze nyumbani, nami nikarudi kumsaidia mama, ambaye ni dada yake. Kwetu mjomba ni zaidi ya baba. Hata jina langu ni yeye aliyelitoa. Alilala chumba cha mbele, na kila kijiko cha uji kilikuwa vita. Ugonjwa tulikuwa tunauweza. Tulichokiogopa ni kimoja, kwamba siku moja ataamua kufa. Mjomba akishaamua jambo, hata askofu hamgeuzi.

Nilikuwa nimekuja na mashine na spika zangu kubwa, maana Jumamosi kulikuwa na harusi na bibi harusi alinitaka mimi. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeshuka kutoka juu, mzito, mkorosho wa uani hauonekani. Niliweka spika barazani nizijaribu. Nilitaka kusikia mkia wa pigo la mjomba, pale sauti inapokwisha, kwa sababu kulikuwa na mkwaruzo uliokuwa unaniudhi. Nikapunguza mwendo wa mashine ya ngoma mpaka mwisho, nikaacha pigo lizunguke peke yake, nikazunguka nyuma ya nyumba kufuata waya.

Pigo. Kimya. Pigo.

Nilipotoka nyuma ya nyumba, uani kulikuwa na wanawake. Sikusikia mlango wala hatua. Walikuwa wamekaa chini na kanga kichwani, na wengine walikuwa wanatoka kwenye ukungu mmoja mmoja, kuni kichwani, beseni za unga mikononi. Hakuna aliyenisalimia. Mmoja alinishika bega, akasema taratibu, "Pole, mama. Amepumzika."

Ndipo nikaelewa walichosikia. Kabla sijafungua mdomo, mama akatokea kutoka kisimani na ndoo. Aliwaona, akasikia kengele, akaitupa ndoo. Katika nchi yetu hii ya kuvuna maji ya mvua kwenye bati, sijawahi kumwona mtu akimwaga ndoo nzima. Akalia jina la kaka yake, na uwanja mzima ukaitikia.

Nilikimbia nikazima mashine.

Ndani, mjomba alikuwa macho. Alikuwa amejinyoosha vizuri na kukunja mikono kifuani, kama tunavyowakunjia wafu.

"Ni mkono wangu ule," aliniambia. "Naujua. Nimejipigia mwenyewe."

"Ni mashine, mjomba. Ni lile pigo la mwaka juzi."

"Basi nilikufa tangu mwaka juzi."

Nilitoka kuwaeleza watu. Walinisikiliza, wengine wakaguna, wengine wakacheka kwa aibu, lakini hakuna aliyeinuka. Kwetu kuni zilizoletwa msibani hazirudi nyumbani. Ukizirudisha, unafuatana na kifo mpaka mlangoni kwako. Basi wakawasha moto. Wakapika wali na maharage ya matanga, na mgonjwa anakohoa chumbani. Mama alimpelekea sahani. Akaisukuma kwa kidole.

"Maiti hali wali wa matanga yake," alisema, na hapo nikajua kwamba ameamua.

Mzee wa kanisa alikuja na fimbo yake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama. Akasema kengele ya msiba iliyopigwa kimakosa hufutwa na aliyeipiga, kwa kupiga ya ibada. Aliyepiga ni nani? Macho yote yakanigeukia, nami nikawa nimeshakasirika: nikasema mimi sikuwepo hata barazani. Sauti ya mjomba ikatoka dirishani, nyembamba.

"Aliyepiga ni mimi."

Kwenda kwenye mkorosho wa kanisa hakuweza, hata kukaa hakuweza. Nikaichukua sampla nikaiweka kitandani, kwenye ubavu wake, nikamwonyesha kipedi, kibonyezo cha mpira, chenye sauti yake. Akanyoosha kidole. Vipedi vya mashine ile vinasikia uzito wa mguso. Ukigusa kwa unyonge, sauti inatoka kinyonge. Barazani spika zikatoa kitu kama kijiko kinachogusa kikombe. Watu wakatazamana. Mjomba akafumba macho.

Kuna kitufe kinachofanya vipedi visahau uzito, kila mguso ukatoka kwa nguvu zote. Nilikibonyeza.

"Piga tena, mjomba."

Akagusa. Ringi ikalia mpaka bati likatikisika. Akagusa tena, haraka, haraka, mapigo ya ibada, na sauti ikateremka bondeni ndani ya ukungu. Nje vigelegele vikapasuka. Mama alikuwa anacheka na kulia. Mimi nilimtazama mjomba, na yeye alikuwa anatazama kidole chake.

"Mkono huu hauna nguvu hizo," alinong'ona. "Anayepiga ni nani?"

"Ni wewe."

"Mimi yupi?"

Akafikiri kidogo, akaomba uji, akamaliza bakuli lote.

Kijijini wanasema mjomba alijirudisha mwenyewe. Yeye anasema hakurudi. Anasema yeye aliondoka asubuhi ile, na yule mwenye nguvu aliyemo ndani ya mashine ndiye anayekula sasa, kupitia kinywa chake. Kabla ya kila mlo anapiga, nyumba inatikisika, kisha anakula vizuri na kuongezewa. Kwenye harusi ile nilipiga muziki kwa simu tu. Niliporudi Newala niliiacha sampla kitandani kwake na spika barazani, maana nilipoanza kukunja nyaya zake alifunga mdomo.

Amenenepa. Nashukuru, na naogopa, na sijui ni nani ninayemshukuru.

Leo mchana umeme umekatika wilaya zote mbili, Masasi na Newala. Mama akanipigia.

"Uji umepoa," alisema. "Nimemwambia ale hivyohivyo. Anasema atakulaje na mwenyewe hayupo?"

"Mwambie atarudi umeme ukirudi."

Nilimsikia akimwambia. Kisha nikamsikia mjomba, kwa mbali, akiuliza kwa upole kabisa kama maiti isiyo na mkono inaruhusiwa kuzikwa.

Nimesimama jikoni kwangu simu sikioni, natazama balbu.